Foto ya kaye ndiyo, sura ya mtoto tuulize kwanza

Nitaanza na jambo lililotokea karibu yetu.

Siku moja ya posho, saa ya kutoka kazini, rafiki mmoja wa ekipe yetu alinionyesha telefone yake. Hakusema neno. Mu telefone mulikuwa foto ya watoto kumi na mmoja, wamepangwa ku ukuta wa masomo, na iniforme yao nyeupe na buluu. Chini waliandika: «Hawa hawajalipa.» Wa tatu kuanzia upande wa kushoto alikuwa binti yake, yuko mu sekondari.

Masomo yenyewe njo yaliituma ile foto asubuhi mu grupu ya WhatsApp ya wazazi. Mbele ya saa sita ya mchana, mtu alikuwa ameshaipandisha ku Facebook, na watu wasiojua hata jina la mtoto walikuwa wanacheka. Wakati ule baba alikuwa kazini toka alfajiri, na telefone yake ilifungwa mu kabati ya mavazi. Mshahara wa mwezi ulikuwa umechelewa. Deni lilikuwa la baba, ao tuseme la ule anayepashwa kumulipa baba, lakini sura iliyozunguka mu mji ilikuwa ya mtoto. Siku ya kwanza iliyofuata, binti alikataa kurudi ku masomo.

Sitataja jina la masomo yale, juu si yale peke yake. Na sitasema kama tutupe telefone. Wako wazee wanaosema vile, na ninasikia uchungu wao, lakini ninaona wamekosea. Kwetu sisi watu wa migodi, telefone na foto vimetusaidia kwa kitu kimoja kikubwa: vimeturudisha mu masomo ya watoto wetu.

Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines walifanya kazi karibu na nyumba. Kampuni ilikuwa na masomo yake, mwalimu alikuwa jirani mu kambi, na mtoto akicheza darasani, baba alisikia habari mbele ya bukari ya mangaribi. Leo wengi wetu tuko chini ya makandarasi. Wengine wanalala ku kambi ya mugodi juma mbili ao tatu, mbali na nyumba. Wengine wanatoka giza na kurudi giza. Baba wa namna hiyo atajua namna gani kama mtoto anasoma?

Ku nyumba yangu tulifanya hivi. Kila mangaribi bibi yangu anapiga foto ya ukurasa wa mwisho wa kaye ya hesabu na ya kaye ya kifaransa, anazituma. Mimi ninaziangalia saa ya kupumzika, nje ya fasi ya kazi. Ni foto mbili tu. Juma moja niliona tarehe haibadiliki: siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine, ukurasa ni ule ule. Kijana alikuwa anavaa iniforme na kwenda kucheza mupira. Bila ile foto, ningejua ile habari ku biletini, mwisho wa trimestre, wakati franga zimeshakwisha kulipwa na miezi imeshapita.

Mwalimu naye anaweza kufaidika. Mu madarasa mengi ya miji yetu watoto wanapita makumi sita, na kitabu ni kimoja, cha mwalimu. Ule anayekaa nyuma hasomi tablo vizuri. Ule aliyekuwa na malaria siku tatu amepoteza somo zima. Mwalimu akipiga foto ya tablo mbele ya kuifuta, akaituma mu grupu, mtoto aliyebaki nyumbani atanakili. Haiombi komputa, haiombi maabara. Inaomba telefone moja na mwangaza wa dirisha.

Lakini kazi ni kazi, iko na namna yake. Foto ya kaye inapigwa kutoka juu, karibu na dirisha, ukurasa mzima, na tarehe ionekane. Grupu ya darasa iwe ya darasa: mu WhatsApp munaweza kupanga kama wasimamizi peke yao njo wanatuma ujumbe, basi foto ya somo haizami chini ya maombi, matangazo ya ndoa na video za kuchekesha. Na kila mzazi afunge ile namna ya telefone kupokea foto na video yenyewe bila kuuliza. Aifungue ile anayohitaji tu. Hivyo mega zitabaki kwa somo.

Tena kamera inaweza kuwa kitabu. Mtoto wa Kolwezi ao wa Likasi anaambiwa kuhusu malachite mu somo la kemia, na lile jiwe la kijani liko labda mu nyumba yao, juu ya meza ya babu. Alipige foto, aandike chini yake kama ule urangi unatoka ku shaba. Apige foto ya bei ya unga mu soko juma ine, afanye hesabu ya asilimia. Apige foto ya korongo lililokula barabara kisha mvua, aeleze maji yalipita wapi. Hayo ni masomo ya kweli. Neno moja tu kwa walimu: musimutume mtoto kupiga foto ku karyeri, ku shimo la wachimbaji ao ku mto wanapooshea madini. Foto nzuri ya mashimo hailipi mguu uliovunjika, na udongo unaporomoka bila kuangalia kama mtu amevaa iniforme.

Sasa tuseme juu ya hatari, na nitaisema kwa lugha ya kazi yetu. Mu mugodi, mbele ya kulipua baruti, sirene inalia, barabara inafungwa, watu wanahesabiwa. Tunafanya yote mbele, juu kila mmoja anajua: jiwe likisharuka, hakuna mkubwa anayeweza kuliamuru lirudi. Foto ya mtoto iko vile vile. Ukiituma mu grupu ya watu mia mbili, ujue umeiweka mu telefone mia mbili. Unaweza kuifuta kwako, hauwezi kuifuta kwa ule aliyekwisha kuihifadhi. Hata ile namna ya WhatsApp ya «kuona mara moja» haizuie mtu kuchukua telefone ya pili na kupiga foto ya ile ya kwanza.

Na foto inasema mambo mengi kuliko tunavyofikiri. Iniforme inasema masomo ni gani. Jina ku mufuko wa shati linasema mtoto anaitwa nani. Biletini inasema jina lote, darasa, na mara nyingi fasi na siku ya kuzaliwa. Mzazi anayepandisha biletini ya mtoto sababu amepata 78 kwa mia anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini mtu mubaya anasoma ile karatasi vingine. Anaweza kusimama ku mlango wa masomo na kuita mtoto kwa jina lake: «Baba yako amenituma.» Anaweza kufungua konti ya uongo kwa jina la binti na sura yake, kuomba watu franga, ao kuandikia mabinti wengine. Funika jina, funika tarehe ya kuzaliwa, tuma ile kwa nyanya na kwa wajomba, inatosha.

Tunapashwa kujua sheria pia. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inachunga mtoto mu Congo, na mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18. Tangu tarehe 13 Machi 2023 kuko pia Sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, inayochunga habari za mtu na kuazibu wanaotumia mitandao kwa kutesa wengine. Na makampuni yenyewe, Facebook, Instagram, WhatsApp na TikTok, yanasema mtoto wa chini ya miaka 13 hana ruhusa ya kuwa na konti. Mwalimu wa darasa la tano anayeomba wanafunzi wafungue Instagram kwa kuonyesha kazi zao, hata kama moyo wake ni muzuri, anawafundisha kudanganya juu ya umri wao. Kwa wale wadogo, itumike telefone ya mzazi, basi.

Kwa wakubwa wa sekondari, mzazi akae na mtoto siku moja ya mungu, kisha misa, wafungue telefone pamoja. Konti iwe ya kufungwa, ionekane na wale anaowajua tu. Alama ya fasi anapokuwa izimwe. Na mtoto asikie kutoka ku kinywa cha baba na mama: mtu akikuomba foto ya mwili wako, ao akikutisha na foto uliyotuma, njoo utuambie, hatutakupiga. Hiyo sentensi ya mwisho ni ya lazima. Watoto wengi wanaendelea kumulipa ule anayewatisha, sababu wanaogopa fimbo ya nyumbani kuliko adui wa inje.

Tena kuko foto zinazopigwa na wageni. Watu wa migodi tunazijua. Mgeni anafika na kamera kubwa, anapiga mtoto mwenye matope ku magoti, anaondoka. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu inchi yetu, na dunia iko na haki ya kujua inatoka namna gani, sikatai. Lakini mama wa ule mtoto aliulizwa? Mwanasiasa anayeleta makaye mia moja na kupiga foto mia tatu, aliuliza? Tukiwaomba wageni heshima, tuanze kuitoa sisi wenyewe mu grupu ya wazazi.

Musifikiri ninataka kufunga macho ya watu. Kuko foto ambazo tunapashwa kupiga sana. Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni za migodi kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu, na kuandika ahadi zao mu cahier des charges. Masomo yaliyoahidiwa yakibaki kuta bila mabati, piga foto. Rudi kisha miezi mitatu, simama fasi ile ile, piga tena, andika tarehe. Ku meza ya mazungumzo, foto mbili za namna hiyo zinasema vizuri kuliko saa mbili za kelele. Banki iliyovunjika, vyoo bila mlango, tanki bila maji: hivyo vyote havina sura, havina haya, na havitalia usiku.

Ndiyo maana tunaomba mambo yaliyo wazi. Kwa wakubwa wa masomo: foto isitumike hata siku moja kudai franga ao kuazibu. Deni liandikiwe mzazi, kwa barua ao kwa ujumbe wake peke yake. Mwanzoni mwa mwaka, mzazi ajaze karatasi akubali ao akatae foto ya mtoto wake kuonyeshwa, na ule anayekataa asichukiwe. Grupu iwe na wasimamizi wawili, mwalimu mmoja na mzazi mmoja, wenye ruhusa ya kufuta.

Kwa wazazi: kaye, tablo na zoezi zitumwe bila woga, sura, jina na biletini zibaki nyumbani. Foto ya mtoto wa mwenzio usiipitishe, hata kama inachekesha. Ule anayepitisha amesaidia ule aliyeanza.

Kwa madelege wa sindika, pamoja na mimi: mshahara unaochelewa si jambo la kantini peke yake. Unafika mpaka ku ukuta wa masomo, unapanga watoto mustari. Tukienda kudai siku ya malipo, tuweke na hiyo ku meza.

Binti wa rafiki yetu alirudi ku masomo kisha juma mbili, lakini masomo mengine, mbali zaidi; kila siku anatembea dakika makumi ine. Deni lilikuwa limekwisha kulipwa siku ile mshahara ulipoingia. Ile foto, mara ya mwisho nilipoangalia, ilikuwa ingali mu Facebook.