Mizani Peke Yake Haimnenepeshi Mtoto

Katika kliniki za mama na mtoto nchini Tanzania, kupima uzito ni miongoni mwa mambo ya kwanza afanyiwayo mtoto. Mtoto huning'inizwa kwenye mizani, uzito husomwa, nukta hutiwa kwenye kadi, na mama huambiwa tarehe ya kurudi. Kazi hiyo imezoeleka mno, hata ni wachache wanaojiuliza ilikusudiwa nini. Hapana budi swali hilo liulizwe, kwa kuwa desturi iliyosahau madhumuni yake huwachosha watu bila ya kuwafaa.

Mtu aliyechangia sana kuieneza kadi hiyo duniani ni David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza, aliyefanya kazi Ilesha, magharibi ya Nigeria, katika miaka ya 1950. Aligundua kwamba hospitali iliwapokea watoto wakiwa wamekwisha kuchelewa: miguu imevimba kwa unyafuzi, au surua imewakuta wakiwa dhaifu. Kwa hiyo yeye na wenzake walikwenda katika kijiji cha Imesi-Ile, wakawafuatilia watoto kwa miaka kadhaa tangu kuzaliwa. Walichojifunza huko kilikuwa chepesi kueleweka, lakini kizito kwa maana. Mtoto mwenye afya huongezeka uzito mwezi hata mwezi. Uzito unapokoma kuongezeka, hatari imekwisha kuingia nyumbani, ingawa macho ya mzazi, na hata ya daktari, hayajaiona bado.

Ndipo ikatumika kadi yenye mistari ya kuongoza, iliyoitwa Njia ya Afya. Mambo mawili katika kadi hiyo yanastahili kukumbukwa. Kwanza, ilikabidhiwa kwa mama aitunze mwenyewe, wala haikufungiwa kabatini hospitalini. Pili, ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu za kumwangalia mtoto fulani kwa uangalifu zaidi: kwamba ni pacha, kwamba alizaliwa na uzito mdogo, au kwamba amefiwa na mama. Ni dhahiri, basi, kwamba kadi ilikusudiwa kuanzisha mazungumzo baina ya mama na mtaalamu. Haikuwa daftari la kukusanyia takwimu tu.

Tangu wakati huo vipimo vimeboreshwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya vya ukuaji, vilivyotokana na watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama katika nchi sita, zikiwamo Ghana na Oman. Mistari ya kadi sasa ni sahihi zaidi kuliko ya zamani. Lakini mazungumzo hayakukua kwa kadiri hiyo. Mara nyingi mama ambaye mstari wa mtoto wake umelala huambulia karipio, au agizo la kumpa mtoto "chakula bora", bila ya kuulizwa nani hubaki na mtoto anapokwenda shambani, mtoto hula mara ngapi kwa siku, au fedha ya mazao hutumiwa kwa shauri la nani. Mama aliyekaripiwa mbele ya wenzake huenda asirudi tena, na mtoto wake ndiye hasa aliyehitaji kurudishwa.

Yapo yanayoonyesha kwamba mambo yaweza kuwa vingine. Katika miaka ya 1980, mkoa wa Iringa uliendesha mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukianzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe: tatizo ni nini, chanzo chake ni kipi, na nini kifanyike kwa uwezo uliopo. Majadiliano ya namna hiyo hufichua sababu ambazo mizani haiwezi kuzionyesha, kama vile wingi wa kazi za mama na uchache wa milo ya mtoto. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo. Wakati huohuo watafiti wa Tanzania walionyesha faida ya kimea: unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa hulainisha uji mzito, hivyo tumbo dogo la mtoto likapata nguvu nyingi zaidi kwa kiasi kilekile cha uji.

Yaweza kusemwa kwamba muuguzi mwenye msururu mrefu wa akina mama hana nafasi ya mazungumzo. Hoja hiyo ni ya kweli, wala si haki kumlaumu yeye. Lakini jibu lake limo ndani ya kadi yenyewe. Kadi huwachambua watoto: wengi ambao mstari wao unapanda waweza kuhudumiwa upesi, ili muda utakaookolewa wapewe wachache ambao mstari wao umelala. Mhudumu wa afya wa kijiji naye aweza kuyaendeleza mazungumzo hayo nyumbani, mahali ambapo sufuria, shamba na jamaa wote huonekana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kadi ya mtoto huonyesha ufa ungali mwembamba. Kuuona, kuuandika, kisha kumwacha mama aende zake bila ya kumwuliza neno, ni kuitupa nusu iliyo bora ya utafiti wa Imesi-Ile.