Heko Hazimfunzi Malenga

Kuna kauli inayozagaa siku hizi katika kumbi zetu za ushairi, kwamba kipaji mtu huzaliwa nacho na arudhi imo vitabuni. Mwenye hivyo viwili hamhitaji mtu. Naipinga kauli hiyo, ingawa mimi mwenyewe, kwa miaka yote niliyosomesha sekondari, ni miongoni mwa walioieneza.

Kitabu tunacho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituachia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na ni hazina. Lakini gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na miaka mingi kabla ya kitabu hicho washairi walikuwa wakiulizana na kujibizana kurasani mwake. Nyuma zaidi, Muyaka bin Haji wa Mvita alirushiana tungo na washairi wa Lamu, zama za uhasama wa miji ile miwili. Nani alimsahihishia Muyaka kwa wino mwekundu? Hasimu aliyengoja upande wa pili alitosha kumfanya apime kila neno.

Anayejibu shairi hana budi kulisoma kuliko anayelisifu. Atalisoma apate maana, alirudie ashike vina, kisha alizunguke akitafuta upenyo. Na vina vyenyewe ni mwalimu. Mwenzako akishatumia mlango, lengo na pengo, wewe utakwenda wapi? Utarudi nyumbani ukautazame ungo wa bibi na mtungo wa samaki, nawe utakuwa umeongeza maneno mawili ambayo hukupewa na kamusi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipeleka gazetini shairi la beti sita. Mshororo wa tatu wa kila ubeti ulinipungukia mizani tatu, nikaziba pengo kwa neno "jamani". Nilijiona fundi. Wiki chache baadaye mzee mmoja nisiyemjua akanijibu kwa vina vyangu vile vile, beti saba, akiuliza kwa upole hao jamani ninaowaita kila mara ni akina nani, na mbona hawaitiki. Bweni zima lilicheka. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakaa kuandika jibu, na tangu hapo sijaziba mizani kwa neno lisilo na kazi. Mhadhiri wetu alikuwa ametufundisha kosa hilo muhula mzima, nami nililinakili vizuri daftarini.

Sasa tazameni kumbi zetu za simu. Kijana analeta tungo yenye kina kilichopotea ubeti wa pili, na kabla hujamaliza kuisoma zimeshamiminika: heko malenga, hongera gwiji, dole gumba juu ya dole gumba. Hakuna aliyemuuliza neno. Kesho analeta nyingine, na kina kimepotea pale pale.

Nitaambiwa vijana watavunjika moyo. Yule mzee hakunitukana. Alinipa beti saba, na beti saba ni usiku mzima wa mtu. Anayebonyeza dole gumba ametoa nini? Wala hili si la wanaarudhi peke yao. Mtunzi wa mashairi huru naye anahitaji wa kumuuliza kwa nini mstari wake umekatikia hapo ulipokatikia.

Lawama yangu mwenyewe siikimbii. Darasani nilihesabu silabi za wanafunzi kwa vidole, nikaandika alama, nikafunga daftari. Walijua kutaja ukwapi na utao, wakafaulu mitihani, na sikumbuki hata mara moja niliyomwambia mmoja wao: mjibu mwenzako. Wengi wao leo ni walimu, nao wanahesabu kwa vidole.

Basi nawaomba wenye kumbi hizi jambo moja. Anayetaka kusifu shairi, asifu kwa ubeti. Asiyeweza, aulize swali. Nimekwisha kuanza mimi. Jumatatu kijana mmoja alileta tungo nzuri juu ya ukame, lakini mvua aliyoililia ubeti wa kwanza ilikuwa imeshanyesha ubeti wa nne, bila wingu. Nimemjibu kwa vina vyake, beti tano. Leo ni Ijumaa, hajajibu, nami kila jioni nafungua simu kutazama.