Salamèche kwa Kiswahili

Watoto wa Lubumbashi wanaocheza Pokémon kwa Kifaransa humjua Salamèche. Jina lake la Kijapani la 1996, Hitokage, ni moto na mjusi tu. Mfaransa hakufuata neno kwa neno: aliunga salamandre na mèche, yaani utambi, kwa ajili ya ule mwali mkiani.

Wenzetu wengine husema Kiswahili hakiwezi mchezo huo, kwamba majina yangekuwa marefu kama sentensi. Si kweli. Mjusi na utambi vinatoa Mjutambi, silabi nne tu. Ugumu uko kwenye wingi. Nachagua mijutambi, kama mijusi, ila kitenzi kifuate viumbe hai: mijutambi wanapigana. Kamalondo watasema banapigana, na sitawasahihisha. Walimu wa mofolojia, tunawasubiri.