Mtoto anahesabu siku gemu itoke: maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Katika nyumba moja ya Kiboriloni, Moshi, kalenda ya ukutani ina duara moja la kalamu nyekundu. Si siku ya kuzaliwa wala siku ya kufungua shule. Ni Novemba 19, 2026, tarehe iliyotangazwa kuwa ndiyo siku ya kutoka kwa gemu ya Grand Theft Auto VI, ambayo vijana wanaiita GTA 6.

Aliyechora duara hilo ni mvulana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne. Mama yake, anayeuza ndizi sokoni, hakulijali duara hadi mwalimu wa darasa alipompigia simu kumweleza kuwa kijana anasinzia kila kipindi cha mchana. Jioni ile mama alikumbuka pia kwamba kwa wiki kadhaa mwanawe amekuwa akifika nyumbani na kuvamia sufuria kabla hata ya kuvua sare.

Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la maziwa lenye Sh64,000. Ilikuwa ni fedha ya chakula cha mchana na nauli. Kijana alikuwa hali shuleni, na alikuwa akirudi kwa miguu.

“Mama, ikitoka nikawa sina, nitakuwa nimebaki nyuma,” alijitetea.

Kauli hiyo haikutoka hewani. Imejengwa kwa muda mrefu na watu wanaoijua vizuri kazi yao.

Kinachouzwa kwanza ni hamu

Kampuni ya Rockstar Games ilitoa trela ya kwanza ya GTA 6 Desemba 2023. Wakati huo ilisemwa gemu ingetoka 2025. Baadaye tarehe ikasogezwa hadi Mei 26, 2026, kisha ikasogezwa tena hadi Novemba 19. Kila mabadiliko yalikuwa habari mpya, na kila habari iliongeza hamu ya vijana ambao hawajaigusa gemu yenyewe.

Kampuni zina sababu ya kufanya hivyo. Sehemu kubwa ya mauzo ya gemu kubwa hupatikana siku na wiki za mwanzo. GTA V ilipotoka Septemba 2013, iliingiza Dola bilioni 1 za Marekani ndani ya siku tatu. Katika siku tatu ni wachache walioweza kuicheza hadi mwisho na kuwashauri wenzao. Wanunuzi wengi walikwishaamua kabla, kwa sababu ya jina, trela na maneno ya marafiki.

Ndiyo maana matangazo hulenga kumfanya mtu aamue mapema, na ikiwezekana alipie mapema.

Jina kubwa linapoangusha

Vijana waliokulia kwenye mabanda ya gemu wanaikumbuka Winning Eleven, iliyokuja kufahamika zaidi kama PES. Mwaka 2021 kampuni ya Konami ya Japan ililiacha jina hilo, ikatangaza gemu mpya ya bure iitwayo eFootball. Matarajio yalikuwa makubwa kwa sababu ya jina lililojengwa kwa miaka mingi.

Ilipotoka Septemba 30, 2021, wachezaji walikutana na nyuso za wanasoka zilizopinda, mpira usiotii na sehemu nyingi ambazo hazikuwapo. Katika duka la mtandaoni la Steam iliangukia miongoni mwa gemu zenye maoni mabaya kuliko zote. Konami iliomba radhi ndani ya siku chache, na toleo lililokamilika zaidi lilikuja Aprili 2022.

Aliyeumia zaidi ni aliyelipia. Cyberpunk 2077, ya kampuni ya CD Projekt ya Poland, ilitangazwa kwa mara ya kwanza 2012. Hadi inatoka Desemba 10, 2020, watu milioni 8 walikuwa wamekwishainunua. Waliokuwa na mashine za zamani, PlayStation 4 na Xbox One, walikuta gemu inakwama na kujizima. Sony iliiondoa dukani kwake siku chache baadaye na kukubali kurudisha fedha. Ilirudi dukani Juni 2021.

Gemu hiyo ilirekebishwa, na kufikia 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 25. Aliyesubiri alipata kitu bora zaidi, mara nyingi kwa bei ya chini.

Upande wa pili kuna Among Us. Ilitoka 2018 ikiwa imetengenezwa na watu wachache, bila matangazo ya maana, na ikakaa karibu miaka miwili bila kujulikana. Mwaka 2020 watu walianza kuonyeshana mtandaoni wakiicheza, ikaenea hadi kwenye simu za watoto wa hapa kwetu. Hiyo iliuzwa na wachezaji waliokwisha kuionja.

Wakulima wa kahawa wanalijua hili

Kwa mzazi wa Kibosho, Machame au Marangu, jambo hili halina ugeni. Kahawa inapopelekwa mnadani Moshi, wanunuzi hupata sampuli kwanza. Huikaanga, huisaga, huimwagia maji ya moto na kuionja kwa kijiko. Ndipo wanapotaja bei. Hakuna anayenunua kwa sababu gunia limechorwa vizuri.

Gemu inayolipiwa kabla haijatoka ni kahawa isiyoonjwa. Na hata sampuli inahitaji uangalifu: kabla ya Cyberpunk kutoka, waandishi walipewa toleo la kompyuta tu kwa ajili ya kulichambua. Lile la mashine za zamani, ambalo ndilo lililokuwa na matatizo, hawakulipata.

Mwilini kunatokea nini?

Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini si pale tu tunapopata tunachokipenda, bali hata tunapokitarajia. Ndiyo maana kijana anaweza kuangalia trela ileile mara 20 na bado akachangamka. Kwa umri huo, ambapo uwezo wa kujizuia bado unakua, kungoja ni kazi ngumu kweli.

Hamu hiyo si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatambua tatizo la uraibu wa gemu, lakini linaangalia dalili zinazodumu, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi: mtu kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona madhara.

Hata hivyo, mzazi asisubiri miezi 12. Mtoto akianza kuacha kula ili aweke akiba, akikesha kusubiri saa ya uzinduzi, au akificha fedha, ni wakati wa kuzungumza naye. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Na mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, mwezi uleule wenye duara jekundu.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Kwanza, itachezwa kwenye mashine gani? GTA 6 imetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S tu. Haikutangazwa kwa PlayStation 4 wala kwa simu. Faili lolote linalosambazwa likiitwa “GTA 6 ya simu” ni la uongo, na linaweza kuiba taarifa zako, zikiwamo za akaunti ya fedha.

Pili, gharama kamili ni kiasi gani? Gemu mpya kubwa nyingi huuzwa kwa takriban Dola 70, ambazo ni zaidi ya Sh150,000. Ongeza bando, kwa kuwa gemu kubwa za siku hizi hufika gigabaiti 100 na zaidi.

Tatu, ni ya umri gani? GTA V iliwekwa kwenye kundi la miaka 18 na kuendelea barani Ulaya, kwa sababu ya ukatili na mambo ya kikubwa. Usitarajie toleo jipya kuwa la watoto.

Nne, waliokwisha kuicheza wanasemaje? Wekeaneni utaratibu wa nyumba: hakuna kulipia kabla, na hakuna kununua hadi mwezi mmoja upite tangu gemu itoke. Kwa mwezi huo kasoro zitakuwa zimejulikana, na mara nyingi hamu nayo itakuwa imepoa.

Usimdhihaki mtoto kwa kutamani. Mwambie unaelewa kwa nini anaisubiri, kisha mweleze jinsi matangazo yanavyofanya kazi. Vijana hawapendi kuchezewa akili. Wakiuona mchezo huo, wengi hushtuka wenyewe.

Yule mama wa Kiboriloni hakulichukua kopo. Aliuliza swali moja tu: “Sawa baba, utaichezea wapi?”

Kijana alijibu kuwa ataichezea kwenye banda la jirani. Kesho yake alipita kumuuliza mwenye banda. Mashine zote mbili zilikuwa PlayStation 4. Mjomba wake wa Dar es Salaam, ambaye huja na ya kwake familia inapopanda kula Krismasi, naye ana hiyohiyo.

Alikaa kimya siku nzima. Usiku alimpa mama yake lile kopo amtunzie hadi matokeo ya mtihani yatoke, wakakubaliana kwamba fedha ya chakula ni ya chakula. Duara jekundu bado lipo. Kando yake, kwa kalamu ya bluu, sasa kuna orodha ya masomo ya mtihani.