Feza Yenye Kovu Dogo Isitupwe



Mwezi huu tunapenda kusema neno juu ya makovu ya feza. Mnajua wenyewe namna ilivyo hapa Bunia. Mzazi anauza maharagi au makala, analipwa noti ya dola, anamupa mtoto alete minervali. Pa byuro noti inainuliwa mbele ya dirisha, inageuzwa huku na huku, na kama pembeni kuna mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, jibu ni moja tu: "Hii haiko muzuri, leta ingine." Ingine haiko. Mwanafunzi anafunga daftari, anarudi nyumbani, na masomo yanaendelea bila yeye.

Sisi tunauliza: je, kovu dogo linaua feza nzima? Kuna watu ulimwenguni wenye kazi ya kupima jambo hilo kila siku, nao ni wale wanaopima feza za chuma za zamani. Tuangalie kwanza kazi yao.

Mwaka 1949 Mwamerika mmoja, William Sheldon, alitoa kipimo cha namba kutoka 1 mpaka 70. Baadaye kampuni zikaanza kupima kwa malipo, kama PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, huko Marekani. Feza inaangaliwa chini ya taa, inapewa namba, inafungwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Kutoka 60 mpaka 70 ni feza ambayo haikupita mikononi mwa watu. Chini ya 60 ni ile iliyotumika. Ile ya 70 haionekani na alama yoyote hata ukiitazama kwa kioo cha kukuza mara 5.

Sasa shikeni mambo matatu. Kwanza, kulika si kuharibika. Feza iliyolika kwa kupita mikononi inashuka pole pole, lakini inabaki na namba yake. Pili, alama ndogo inapimwa kwa ukubwa wake na kwa mahali ilipo. Mkwaruzo ulio juu ya shavu la mfalme unashusha namba kuliko mkwaruzo uleule uliojificha katikati ya maandiko. Tatu, kuna mabaya yanayoondoa namba kabisa: kutobolewa kwa msumari, kukatwa ukingo, kusuguliwa. Hata hapo feza haitupwi. Wanaandika imelika kwa kadiri gani, halafu wanaongeza jina la tendo lililoiharibu. Bei inashuka, pengine sana, lakini haifutwi yote.

Tuchukue mfano wa kwetu. Feza za shaba za serikali ya Leopold II, za mwaka 1888, zina tundu katikati ya nyota. Zilitoka kiwandani na tundu hilo, kwa hiyo si kosa. Lakini ile feza ya pembe sita yenye tembo, ya faranga 2, ya mwaka 1943, ikitobolewa ili ivaliwe shingoni, hilo ni jeraha. Matundu yote mawili ni matundu, lakini hukumu si moja, sababu mpimaji anauliza alama ilitoka wapi.

Hapa tunageukia wenzetu. Wengi wetu tuko na wazee waliotunza feza kama hizo ndani ya mkebe, pamoja na zile sengi 10 za mwaka 1967 zenye chui. Mwanafunzi akipewa moja, kazi yake ya kwanza ni kuisugua kwa mchanga, majivu na limau mpaka ing'ae. Acheni! Ule weusi ni ngozi ya feza. Ukiisugua unaacha mikwaruzo mingi midogo kama nywele, na ngozi hairudi tena. Mpimaji anaijua mara moja. Feza nyeusi yenye alama mbili tatu inapata namba yake. Ile uliyoing'arisha kwa mchanga haipati. Wanavumilia kovu kuliko mtu anayejaribu kulificha.

Turudi kwa dola. Mtu atajibu: noti ni karatasi ya kutumia, si feza ya kuwekwa kabatini. Ni kweli, na jibu hilo linatusaidia sisi. Feza ya zamani inapoteza bei kwa kovu sababu mnunuzi anatafuta uzuri wake. Noti haina kazi ya uzuri. Bei yake imeandikwa juu yake. Kwa wenyewe walioichapa, dola iliyopasuka ni dola. Hata ile iliyoharibika, kama zaidi ya nusu yake imebaki wazi, serikali ya Marekani inaibadili kwa bei yake yote. Basi pale ambapo kovu lina sababu ya kushusha bei, wapimaji wanashusha kidogo kidogo. Pale ambapo halina sababu, sisi tunafuta yote. Mambo tumeyageuza kichwa chini.

Hatumulaumu Papa Ekonomi. Tunajua akipokea noti hiyo leo, kesho mwenye duka ataikataa, na mubadilishaji wa barabarani ataikubali kwa kukata bei. Washington iko mbali na Bunia. Kila mtu anaogopa yule atakayemupa baadaye. Lakini woga huo unateremka kama maji mpaka kwa mtu wa chini kabisa, yule mama wa maharagi. Yeye hakuipasua noti. Aliipokea jioni, mzigo umeisha, mnunuzi anaondoka, na hakuwa na nguvu ya kukataa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, mwanamke aliyepoteza feza moja kati ya kumi aliwasha taa na kufagia nyumba. Hatusomi kwamba alipoiona aliigeuza-geuza akitafuta mkwaruzo.

Basi tunaomba mambo mawili kwa Baba Prefe na walimu. La kwanza, byuro ibandike tangazo ukutani kusema kovu gani linakubaliwa na gani halikubaliwi. Kwa mfano, mpasuko wa pembeni usiofika kwenye namba wala kwenye picha ukubaliwe. Hivyo mzazi atajua kabla ya kupokea noti sokoni. La pili, noti ikikataliwa, mwanafunzi abaki darasani wiki mbili, mzazi atafute namna ya kuibadili. Iliyopasuka ni noti, si mtoto.

Na sisi wanafunzi tuko na deni letu. Kuna wanaobandika mpasuko kwa gundi, halafu wanamupelekea mama wa duka wakati giza linaingia. Hiyo ni sawasawa na kusugua kwa mchanga. Mwenye noti yenye kovu aioneshe waziwazi, aseme: "Mama, hii iko na mpasuko hapa." Mama akikataa, ni haki yake, na sisi tutakuwa na uso wa kudai haki yetu pa byuro.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho