Nani Kasema Shofere Ana Pesa?

Pale Kavimvira, mjini Uvira, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi, kila kitu kina bei mbili. Chai ina bei ya mkaaji na bei ya shofere. Ndizi vivyo hivyo, chumba cha kulala vivyo hivyo, hata kuoshewa kioo. Siku moja nilikaa benchi moja na mwendesha lori aliyekuwa akisubiri karatasi zake kwa siku ya tatu. Tukanywa chai ya birika moja, vikombe vya ukubwa mmoja. Mimi nikadaiwa kidogo, yeye akadaiwa zaidi. Nilipomuuliza mama mwenye birika sababu, hakuona haja ya kunificha. "Huyu ni shofere, papa. Shofere hakosi pesa." Shofere mwenyewe akacheka, akalipa. Mama alipogeuka kuchochea makaa, jamaa akatoa daftari dogo mfukoni mwa shati, akaiandika ile chai.

Niliomba kuliona daftari. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi, kwa kalamu iliyokaribia kuisha wino: Luvungi, maji. Bwegera, kamba. Sange, kamba, sigara mbili. Pine, kuziba. Luvungi tena. Kila neno na kiasi chake pembeni. Wanaoamini kwamba shofere ana pesa wameona noti anazozitoa dirishani. Daftari hawajaliona, na noti zile zina mwenyewe, naye si shofere.

Utaratibu wake ni huu. Kabla gari halijaondoka, patroni, mwenye gari, anahesabu pesa ya njia: mazutu (dizeli), chakula, pine likipasuka, na fungu la kamba, yaani vizuizi. Fungu hilo la mwisho ndilo linalomtoa mtu jasho, kwa kuwa halina risiti. Sijawahi kumwona mwenye kamba akiinua kamba yake huku akikuandikia karatasi ya "nimepokea". Shofere akirudi, patroni analisoma daftari kama mwalimu anayesahihisha imla. Luvungi umetoa mara mbili, kwa nini? Kwa sababu wakati wa kurudi zamu ilikuwa ya mwingine, naye wa kwanza hamjui. Nitaaminije? Haamini. Kinachopungua kinakatwa kwenye malipo ya shofere. Huyo ndiye tajiri wetu: mtu anayetembea na pesa za mwingine, akinyang'anywa na watu asiowajua, kisha akizilipa yeye.

Imani hii haikuota hewani, nakubali. Wazee wa uwanda wa Ruzizi husimulia enzi za kiwanda cha sukari cha Kiliba, kabla hakijasimama mwaka 1996, jinsi mwenye usukani wa kamio alivyokuwa mtu mbele ya watu. Alikuwa na saa mkononi, alijua Kiswahili cha Kigoma na Kifaransa cha ofisini, alileta habari kabla ya redio. Heshima ile imebaki kwenye vinywa vya watu, ila malipo yaliyoibeba yamekwenda na kiwanda. Sukari yenyewe leo inatujia kutoka nje, ndani ya malori ya hao hao tunaowaita matajiri.

Na kamba? Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilitoa hesabu ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Ilipata 798. Vingine vilikuwa vya watu wenye sare za serikali, vingine vya makundi ya msituni, na kwa mwenye gari tofauti yao ni rangi ya nguo tu, maana maneno ni yale yale. Hakuna anayesema "lipa". Wanasema "tuachie ya maji", wanasema "madesu ya bana", yaani maharagwe ya watoto, wanasema "mukubwa, unatupitaje hivi hivi?" Lugha tamu kabisa. Huku bunduki imeegemezwa kwenye kiti cha plastiki.

Upande wa mipaka ndio kichekesho kabisa. Tangu mwaka 2002 kuna amri ya serikali ya Kongo inayotaja idara nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: forodha, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji, na afya. Nne. Simama asubuhi moja kwenye mpaka wowote wa mashariki ya nchi hii, uhesabu mwenyewe meza na mihuri. Vidole vya mkono mmoja vikikutosha, nitakununulia samaki mukeke wa kuchoma.

Sasa nirudi kwa mama wa birika, kwani yeye ndiye ninayetaka anielewe. Patroni anayemkata shofere hakati zote. Nyingine anazipandisha kwenye bei: mfuko wa saruji, gunia la unga, kilo ya sukari. Mzigo ukifika soko la Mulongwe, kila kamba uliyoivuka imeshaongezwa ndani ya bei. Kwa hiyo mama anamtoza shofere kwa chai, na kamba zinamtoza mama kwa sukari ya chai hiyo hiyo. Anayekula pande zote mbili amekaa kivulini, hana lori wala birika.

Sisemi mashofere ni malaika. Wapo wanaonyonya mazutu ya patroni na kuyauza njiani kwa bido, yaani kwa madumu. Wapo wanaopandisha abiria juu ya mzigo, mama na mtoto juu ya magunia, kwa nauli ambayo haimo kwenye daftari lolote. Wapo pia, tena ni wengi, wanaoichochea imani hii kwa mikono yao wenyewe: akifika mjini anaagizia meza nzima bia ya Primus, anatembea kifua mbele, na kesho yake anamkopa konvoyeri wake, msaidizi wa gari, nauli ya pikipiki. (Ule uvumi wa mke kila kituo siuingilii. Nimekutana na wenye mke mmoja wanaoshindwa kumtumia hata pesa ya unga.) Nimemuuliza mmoja wao kwa nini anajionyesha. Akanijibu kwamba njia nzima anaitwa mukubwa na watu wanaomnyang'anya, basi angalau usiku mmoja awe mukubwa kweli.

Kazi ina utamu wake pia, na anayeukataa hajawahi kukaa ndani ya kabini. Ukimaliza kushuka mlima wa Ngomo, uwanda unafunguka mbele yako, milima ya Burundi ng'ambo, watoto wanakimbia kandokando wakidai honi, na ukiendelea kusini ziwa Tanganyika linaanza kung'aa. Shofere hapo anaimba. Ila anaimba kwa kuwa ameuvuka Ngomo. Pale njia ni nyembamba, kona zimekunjana, na upande mmoja unaishia kwenye korongo la mto Ruzizi. Niliwahi kuupanda mlima huo kwenye gari lililozeeka. Konvoyeri hakuketi. Alitembea nyuma ya gurudumu na gogo mikononi, hatua kwa hatua, tayari kulitupa chini ya pine breki zikikataa. Kijana mwembamba, na kandambili zake, analizuia lori kwa gogo. Magari madogo mengi hukwepa kwa kuzungukia Bugarama, upande wa Rwanda. Mwenye mzigo wa tani hana uhuru huo kila siku, karatasi zake hazimruhusu.

Wengi ninaowajua hulipwa kwa safari. Gari lisipotembea, hakuna kitu, na sababu za gari kusimama huku kwetu hazihesabiki. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na kuua makumi ya watu mjini Uvira. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, maji yakaingia bandari ya Kalundu na kuimeza Gatumba, upande wa pili wa mpaka. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, kisha Kamanyola, na uwanda ukakatika vipande viwili. Desemba ya mwaka huo vita ikaingia Uvira yenyewe. Katika kila tukio tulisikia habari za waliokimbia, na ilikuwa haki tuzisikie. Aliyelala siku kumi chini ya gari akilinda mzigo usio wake, akila deni kwa mama wa birika kwa bei ya shofere, hakuna aliyemtaja.

Imani ya kwamba shofere ana pesa huanzia kwenye kikombe cha chai, lakini haiishii hapo. Septemba 2016, huko Namoya, kwenye njia inayotoka Fizi kuelekea Maniema, wapiganaji wa Mai-Mai waliteka msafara wa malori, wakachoma baadhi yake, wakawakamata madereva wa Kitanzania na kudai dola 4,000 kwa kila kichwa. Jeshi liliwakomboa baadaye. Mimi nimebaki na zile dola 4,000. Nani alizikokotoa? Ingekuwa ni mkulima aliyekamatwa, wangedai mbuzi. Kwa shofere, hesabu ilifanywa kwa kutazama ukubwa wa gari, kana kwamba tela ni mali ya mtu aliyeshika usukani.

Na iko siku nyingine ambayo ningetamani kuipita bila kuiandika. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange. Mafuta yakatiririka, watu wakaja na vyombo kuyakinga, moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Sitaki mtu aseme nawalaumu marehemu. Wengi hawakuwa na bido mkononi: walikuwa wamejaa kwenye nyumba za video wakitazama Kombe la Dunia, moto ukawafuata humo. Waliokwenda na bido nao walikuwa watu wa dhiki, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba mvuke wa esansi (petroli) unaweza kuwaka ukiwa mbali na pale palipomwagika. Tangu siku ile hadi leo, ukiuliza, jibu la haraka ni moja: kosa la shofere. Labda alikosa kweli, kona na mwendo vina adhabu zao. Lakini shofere hakutufundisha kwamba kilichomo ndani ya lori hakina mwenyewe. Hilo tulijifunza kwenye kamba, kila siku, tukiwatazama watu wazima wenye sare wakijichotea bila karatasi wala aibu. Anayevuta kamba na anayekinga bido wana wazo moja, kwamba gari kubwa ni kisima cha wote. Mmoja anarudi nyumbani na noti. Wengine walizikwa pamoja katika makaburi ya halaiki.

Ndiyo maana siwezi kucheka tena ninaposikia "shofere hakosi pesa". Mkuu wa mkoa wa Kivu Kusini, ile amri ya 2002 haijafutwa, itekeleze: idara nne, na risiti kwa kila faranga, ili daftari la yule jamaa lipate kuaminika. Mama wa Kavimvira, chai ya shofere na iwe bei ya chai. Na siku nyingine lori la mafuta likilala barabarani, mshike mtoto wako mkono ukimbie, bido iache pale pale.