Si Mungu Aliyeua

Liko neno moja twalisikia karibu kila penye kilio hapa Bunia, nalo twalipinga. Mtu ameuawa kwa panga. Mjane ameketi chini. Anafika mkristu mwenye rozari mkononi, anasema: "Usilie, mama, ni mapenzi ya Mungu." Mapenzi ya Mungu gani hayo?

Kuna kitabu cha hadithi kilichosomwa na mamilioni ya watu, The Shack, cha William Paul Young wa Kanada, kilichotoka mwaka 2007. Chasimulia habari za Mack, baba ambaye binti yake mdogo, Missy, alitekwa akauawa. Baada ya miaka kadhaa anaitwa kwa barua kwenye kibanda cha porini palipoonekana nguo ya mtoto yenye damu, na huko anakutana na Utatu Mtakatifu. Mungu Baba anamtokea kwa umbo la mama mweusi mwenye kupika jikoni. Wengi walikasirika kwa ajili ya huyo mama. Sisi hatuoni kosa kubwa hapo, maana Mack alipigwa vibaya na baba yake mzazi, na neno "baba" lilimtia uchungu. Kosa liko pengine: mtunzi anamtia Baba makovu ya misumari, na Eklezya yafundisha kwamba aliyejifanya mtu akasulibiwa ni Mwana. Tena Mack anapata dawa yake porini, mbali na Misa na majirani. (Kwetu nani huachwa aomboleze peke yake?)

Lakini kwa jambo moja kitabu hicho chatushinda. Mack anamkasirikia Mungu uso kwa uso, asifukuzwe. Wala Mungu hamwambii kwamba ndiye aliyetaka Missy afe.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, waasi wa ADF waliingia katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite wakaua watu wapatao 40, wakiwamo wakristu waliokuwa wakikesha katika sala. Nani atathubutu kuwaambia mama zao kwamba Mungu alizipenda zile panga na risasi? Katekisimu ya mwaka 1992, namba 311, yakataa wazi: Mungu si asili ya dhambi kwa njia yo yote. Amemwacha mtu awe huru. Kuruhusu si kupenda.

Tena neno hilo lamfunika mwuaji. Mwaka 2019 mahakama ya La Haye ilimfunga Bosco Ntaganda miaka 30 kwa mauaji na maovu mengine ya hapa Ituri ya mwaka 2002 na 2003. Kama yalikuwa mapenzi ya Mungu, majaji walimhukumu nani?

Watatujibu kwamba Ayubu alikiri kuwa Bwana ndiye aliyetwaa. Ndiyo, lakini Ayubu alisema juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na jirani. Marafiki zake walikaa naye chini siku 7 wakinyamaza, na hapo walikuwa marafiki kweli. Walipoanza kumweleza sababu, Mungu aliwakasirikia.

Basi tuseme nini? Pole yatosha. Bwana Yesu alijua atamfufua Lazaro, hata hivyo alilia pamoja na Maria. Kisha maji yapo ya kuteka, na kuni za usiku wa matanga, na jina la marehemu la kupelekwa kwa padri ili aombewe katika Misa.